Vitimbi: Dala ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai Ilikuwa Wapi Haswa?

Kaa kwa stage yoyote hapa Migori na wasee wamepita miaka 30, taja jina Ojwang' Hatari, halafu tulia. Kabla dakika moja iishe, mmoja ataanza kushrabu, mwingine atacheka, na wa tatu ataapa ati huyo mzee alikuwa wa Kanyamkago. Mwingine atakataa: hapana, huyo alikuwa wa Karachuonyo. Kila mtu ako na dala yake ya Ojwang'.

Ukweli ni huu: dala hiyo haikuwa Migori, haikuwa Homa Bay, na haikuwa Siaya. Ilikuwa ndani ya studio, Nairobi. Na mzee mwenyewe hakuwa Mjaluo.

Kama wewe ni wa Gen Z na Vitimbi umeskia tu ikitajwa na wakubwa wako, hii ndio stori yote: ilikuwa nini, kina nani waliifanya, ilishutiwa wapi, na kwa nini sisi watu wa huku Nyanza Kusini tunafaa kuijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Vitimbi ilikuwa kipindi gani?

Neno lenyewe ni Kiswahili kizuri. Vitimbi ni visa, hila, yale mambo watu hufanya hadi unabaki umeshika kichwa. Iko kwa familia moja na vituko na vioja, na si bahati mbaya. TV ya serikali ilipenda hayo majina. Kulikuwa na Darubini, kukawa na Vituko, kukawa na Vitimbi. Kando yake kukawa na Vioja Mahakamani, ile ya kesi za kuchekesha, ambayo ndio ilitupea Inspekta Mwala, jina lake halisi Davis Mwabili, kabla ahamie Citizen.

Vitimbi yenyewe ilishika kuanzia miaka ya 80. Ilikuwa vichekesho vya nyumbani: bwana na bibi, pesa zimepotea, mgeni amekuja bila kuitwa, konmani ameingia kwa boma na maneno matamu. Stori inaanza na kuisha siku hiyo hiyo. Hukuhitaji kukumbuka wiki iliyopita ilikuwa nini. Ulihitaji tu kujua Ojwang' ni mjanja, na Mama Kayai ni mjanja kumliko.

Kuelewa vile kipindi hiki kilikuwa kikubwa, lazima ujue hesabu ya chaneli. Televisheni ilianza Kenya 1962, mitambo ya kwanza ikiwa Limuru. 1964 serikali ikachukua shirika na kuliita Sauti ya Kenya, VoK. 1989 jina likarudi kuwa KBC. KTN ilikuja 1990, na hata hivyo kwa miaka kadhaa huko mashinani ilikuwa ni jina tu la kusomwa kwa gazeti. Kwa hivyo fikiria nchi nzima, chaneli moja. Ojwang' akikohoa, Lodwar wanaskia, Kwale wanaskia, Isebania wanaskia. Hakuna msanii wa siku hizi, hata awe na mamilioni ya views, ameshika Kenya yote namna hiyo usiku mmoja.

Pia kumbuka hiyo ilikuwa TV ya serikali. Habari zilianza na rais, zikaendelea na rais. Kumchekesha mtu juu ya rais haikuwa kazi ya kujaribu, na vijana wa Redykyulass walikuja kuifanya baadaye sana, mwishoni mwa miaka ya 90, na si kwa KBC. Kwa hivyo waandishi wa Vitimbi walibaki na jikoni, kitanda, deni na jirani. Wakachimba hapo hadi wakapata dhahabu.

Mzee Ojwang' alikuwa nani?

Jina lake la kitambulisho lilikuwa Benson Wanjau. Ndio, Wanjau. Mkikuyu. Alizaliwa 1937, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kamera aliishi ndani ya ngozi ya mzee wa Kijaluo anayeitwa Ojwang' Mang'ang'a Hatari: kofia, tai, miwani, na mdomo usioisha maneno.

Hata jina walilompa ni tamu ukilijua. Ojwang' linatokana na neno la Kijaluo la kuacha, kutelekeza. Ni lile jina la mtoto aliyeachwa, kwa mila zile za zamani za kudanganya kifo kisimchukue. Halafu wakaongeza Hatari mbele. Yaani mtoto aliyetupwa amerudi, na sasa ni noma.

Mwaka wa 2012 ilitangazwa kwamba macho yake yalikuwa yanazima. Mtu aliyechekesha taifa miaka yote hiyo hakuwa na pesa ya matibabu. Wakenya walichanga, wengi wao watu aliowachekesha wakiwa watoto, na akafanyiwa upasuaji. Alifariki Jumapili tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali ya Kenyatta, akiwa na miaka 78. Alizikwa makaburi ya Lang'ata, Nairobi.

Soma hiyo ya mwisho tena. Mjaluo maarufu zaidi kwa historia ya TV ya Kenya hakupelekwa dala. Hakukuwa na dala ya kumpeleka. Ojwang' hakuwa na kaburi, ni Wanjau alikuwa nalo.

Na Mama Kayai?

Mary Khavere. Mluhya. Naye pia, kama bwanake wa TV, alijifunza kuwa Mjaluo kazini.

Na hapa kuna kitu watu wengi bado wanakataa kuamini hadi leo: hawa wawili hawakuwa bwana na bibi. Wanjau alikuwa na bibi yake na familia yake. Khavere alikuwa na maisha yake. Walikutana kazini, wakagombana mbele ya kamera kwa miongo, wakaenda nyumbani kila mtu kivyake. Lakini waliigiza ndoa vizuri hivi kwamba taifa likawaozesha bila kuwauliza. Wanjau alipofariki, watu walimpa pole Mama Kayai kama mjane.

Ukitaka kujua muigizaji mzuri ni nani, ni huyo. Taja "Khavere" mtaani na wengi watakuangalia tu. Taja "Mama Kayai" na hata mtoto aliyezaliwa juzi anajua ni mama mkali.

Sayansi ya kushrabu

Sasa tuingie kwa ufundi, kwa sababu ni rahisi kusema ati walikuwa wanaongea na lafudhi tu. Kushrabu vibaya ni rahisi. Kushrabu hadi Mjaluo mwenyewe aseme huyu ni wetu, hiyo ni kazi.

Kijaluo hakina sauti tatu ambazo Kiswahili kinazitumia sana: sh, z na v. Kwa hivyo ulimi uliokua na Kijaluo ukikutana nazo, unachukua ile jirani ya karibu. Shule inakuwa sule. Mzee anakuwa msee, na hapo Sheng inacheka kwa sababu tayari ina neno hilo. Vitimbi yenyewe inakuwa fitimbi. Upande wa pili, Kijaluo kina th na dh zake za kugusa meno, na ng' ya nguvu, ile ya Mang'ang'a. Mkikuyu naye ana shida zake tofauti kabisa: r na l zinabadilishana viti.

Kwa hivyo Wanjau alikuwa na kazi mbili. Kwanza azime lafudhi aliyozaliwa nayo. Pili awashe nyingine, na asichanganye hata mara moja, hata akiwa amekasirika, hata akiwa anaongea haraka. Halafu juu ya hiyo aweke majivuno. Kwa sababu Ojwang' hakuwa tu mtu wa kushrabu. Alikuwa mtu wa kujisikia. Alikuwa anaweza kukosa hata shilingi mfukoni na bado aongee kama mwenye benki. Watu wa huku walijitambua hapo zaidi ya kwa sauti. Kila mtu ako na baba mdogo wa aina hiyo.

Sasa ilishutiwa wapi?

Broadcasting House, barabara ya Harry Thuku, Nairobi. Hapo ndio makao ya KBC, na hapo ndio studio zilikuwa.

Ni muhimu kuelewa studio ni nini, kwa sababu ndio jibu la kwa nini hatukuwahi kuona ziwa kwa dala ya Ojwang'. Studio ni chumba kikubwa kisicho na dirisha. Ndani unajenga sebule ya uongo: kuta ni mbao na rangi, hakuna paa, juu ni taa tupu. Ukuta wa nne haupo, kwa sababu hapo ndio kamera zinasimama. Mlango unafunguka kwenda mahali hakuna kitu. Ukiufunga kwa hasira sana, nyumba nzima inaweza kutingika.

Kwa nini hawakutoka nje? Pesa. Kamera za wakati huo zilikuwa nzito na zilitaka gari la mitambo. Kutoka Nairobi hadi Migori ni siku nzima barabarani, halafu wasanii walale, wale, mvua ikinyesha mlale tena. Kwa studio unarekodi, unabomoa sebule, kesho hapo hapo panakuwa ofisi ya chifu. Vioja Mahakamani nayo haikuhitaji korti ya kweli. Ilihitaji kizimba, meza ya hakimu, na polisi wa kusimama kando.

Kama uko Nairobi na unataka kupita, ni mwendo wa miguu kutoka katikati ya jiji. Panda upande wa University of Nairobi, ingia Harry Thuku Road. Utapita Kenya National Theatre, iliyofunguliwa 1952, ambako waigizaji wengi wa TV ya zamani walijifunzia kupaza sauti. Mbele yake ni hoteli ya Norfolk, iliyo hapo tangu 1904. Kisha Broadcasting House. Hii si makumbusho, ni kituo cha serikali chenye walinzi, na wako na sababu: tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga waliotaka kupindua serikali walikimbilia hapo kwanza kutangaza. Kwa hivyo usisimame langoni na simu juu kama mtalii. Tazama, kumbuka, songa.

Jengo moja, basi. Mahali taifa liliambiwa habari za mapinduzi ndio mahali hapo hapo Mama Kayai alimfokea Ojwang' juu ya pesa ya unga.

Kutoka huko hadi Migori

Studio ilikuwa upande mmoja wa kipindi. Upande wa pili ulikuwa sebule za watu, na huku kwetu hiyo ndio location ya kweli.

TV ilikuwa moja kwa vijiji kadhaa, ndogo, nyeusi na nyeupe, Great Wall kwa wengi. Stima haikuwa, kwa hivyo kulikuwa na betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa na baiskeli. Aerial ilikuwa juu ya mti mrefu nje, na kulikuwa na kijana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuuzungusha akiuliza "imekuja?" na watu ndani wakijibu "rudisha kidogo!" Mwenye TV alikuwa na nguvu kuliko mzee wa kijiji. Ukimkosea mtoto wake mchana, jioni mlango umefungwa, na unaskiza Ojwang' kupitia ukuta.

Migori ni mji wa kila mtu. Wajaluo ni wengi, lakini kuna Wakuria, Wakisii, Wasuba, Waluhya, Wasomali, Wahindi wa maduka, na Tanzania iko hapo Isebania. Lugha ya kutuunganisha sokoni ni Kiswahili, na Kiswahili chetu ni hicho hicho cha Ojwang': kimepinda, kimeshrabiwa, lakini biashara inafanyika. Dani ambaye hakuenda shule alikuwa anafuata Vitimbi kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndio Kiswahili pekee cha TV kilichoongea kama yeye. Mtangazaji wa habari alikuwa anaongea Kiswahili cha Pwani. Ojwang' alikuwa anaongea cha stage.

Ilikuwa heshima ama ilikuwa dharau?

Hili swali lazima liulizwe, na kizazi chetu kinaliuliza kwa sauti. Kwa nini kwa TV ya Kenya Mjaluo ni wa majivuno, Mkikuyu ni wa pesa, Mluhya ni mlinzi wa geti au mpishi, Mkamba ni wa uchawi? Papa Shirandula wa Citizen, marehemu Charles Bukeko, alikuwa Mluhya mlinzi, tukampenda. Otoyo wa hapo hapo alikuwa Mjaluo, na aliyemwigiza, Kazungu Matano, ni mtu wa Pwani. Ni mchezo uleule.

Anayesema ni dharau ana hoja. Mtoto wa Migori akienda shule Nairobi na kufungua mdomo, wenzake wanacheka kabla hajamaliza sentensi. Huo ucheshi aliuanzisha nani? TV ilisaidia. Kuna watu walificha ulimi wao miaka minne ya boarding kwa sababu hawakutaka kuitwa Ojwang'.

Lakini kuna upande mwingine. Ojwang' hakuwa mjinga wa stori. Alikuwa mwenye boma, mhusika mkuu, jina ambalo watu waliwasha TV kulitafuta. Alishindwa na bibi yake, si na kabila lingine. Na waliompenda zaidi ni wale ambao ulimi wao aliuazima.

Halafu kuna 2007. Baada ya uchaguzi wa Desemba, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakahama. Nyanza haikuponea. Jina la mtu lilitosha kumchomea nyumba, na Wanjau lilikuwa moja ya majina hayo. Huku kwetu, kwa miaka mingi, tulikuwa tumemkaribisha mtu wa jina hilo sebuleni kila wiki na kumwita mzee wetu. Sisemi kichekesho kingezuia panga. Hakikuzuia. Nasema tu kwamba mtu mmoja alifanya kazi ya kutusikiliza kwa makini hadi tukamwita wetu, wakati wanasiasa walikuwa wanatufundisha kuhesabiana.

Kwa nini location ni muhimu

Hapa ndio roho yangu inauma kidogo. TV ilichukua sauti yetu, lakini haikuchukua mahali petu. Kenya nzima inajua vile Mjaluo wa TV anaongea. Ni wachache wanajua huku kunakaa aje.

Angalia Karen, Nairobi. Film ya Out of Africa ilitoka 1985, ikashinda Oscar 7, na mwaka uliofuata nyumba ya Karen Blixen ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ndani kuna hata vitu vilivyotumika kwa film. Hadi leo watu wanalipa kuingia. Kamera ikipita mahali, mahali hapo panapata bei.

Sisi tuko na nini cha kuonyesha? Cheki:

- Thimlich Ohinga, Nyatike, kama kilomita 46 kutoka Migori mjini. Boma la mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, karibu miaka 500 iliyopita, kuta zingine zimezidi mita 4. UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2018. Kama kuna dala ya Ojwang' wa kwanza, ni hapa.
- Muhuru Bay. Maboti, dagaa wamekaushwa kwa neti, Tanzania iko hapo tu. Stori za magendo zinajiandika.
- Macalder. Wachimba dhahabu wanaingia ardhini asubuhi bila kujua jioni itakuwa aje. Hiyo ni drama bila script.
- Awendo. Miwa hadi macho yachoke, matrekta, na kiwanda cha SONY. Kila familia iko na stori ya malipo ya miwa.
- Mbita na Rusinga, Homa Bay. Kuna daraja la kuvuka hadi kisiwani, kuna kaburi la Tom Mboya, na jua likizama hapo huhitaji filter.
- Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Ziwa dogo ambalo wazee wanasema lilimeza kijiji kizima kwa sababu walimfukuza bibi kizee. Hiyo ni script tayari, na mwandishi wake hatawahi kudai pesa.
- Ruma, Lambwe. Mbuga ambako ndio makao ya mwisho ya swala roan Kenya.

Na kamera sasa iko mfukoni. Kile VoK ilihitaji gari la mitambo kufanya, wewe unaweza kufanya na simu na rafiki wa kushika taa. Vijana wa huku tayari wanashuti skits. Lakini angalia vizuri: nyingi zinashutiwa kwa sebule, ukuta nyuma, kama studio. Tumerithi hata tabia ya kutotoka nje.

Ukitaka kuicheki leo

Vipindi kadhaa vya Vitimbi na Vioja Mahakamani viko YouTube, vingine vikiwa na picha iliyofifia na sauti ya mbali. Usiangalie peke yako na earphone. Weka kwa TV ya nyumbani, ita mathe, ita dani kama bado yuko, halafu nyamaza uskize vile wanacheka. Watacheka sekunde moja kabla ya wewe, kwa sababu wanajua Ojwang' anaenda kusema nini.

Ukimaliza, waulize: hiyo dala ilikuwa wapi? Watakupa jina la kijiji, na hawatakuwa na shaka hata kidogo.